Ufukwe wa Ziwa Turkana ni mawe na upepo tu, hao ndege wanaosifiwa wako wapi?

mpita_njia_kaskazini

Wadau habari zenu. Niko na swali kwa wale wanaojua mambo ya ndege, hasa mliofika Turkana. Mwezi wa saba nilipita Loiyangalani na jamaa zangu, tukakaa pale kando ya ziwa siku chache, na kusema kweli nilichoona ni mawe meusi, upepo unaotaka kukubeba, joto la kukausha mate mdomoni, na ndege wa kuhesabu kwa vidole: mnandi wametandaza mabawa juu ya mwamba, korongo mmoja amesimama peke yake, basi. Sasa juzi nikawa nabishana na mtu anasema eti ule ufukwe ni kati ya sehemu muhimu sana za ndege Kenya nzima, eti aina zaidi ya 350 zimerekodiwa ukijumlisha wa majini na wa nchi kavu, na wengine wanatoka Siberia huko kuja kukaa pale. Nikamuuliza, ndege ashavuka jangwa lote hilo, kwa nini asiende zake Naivasha kwenye majani na maji matamu, ashuke mahali hata mbuzi anahangaika?

Kwa hivyo, ni kweli ama ni zile hadithi za kuvuta watalii? Na kama ni kweli wanakula nini, manake mimi chakula sikukiona. Na mtu aende upande gani, mwezi gani? Nataka kurudi lakini ile safari si ya kubahatisha, barabara zake nyinyi mnazijua.

---

kitwitwi_254

Huyo jamaa yako amesema kweli, ila wewe ulienda upande usio wake na mwezi usio wake. Mwezi wa saba wale wageni wako kwao kaskazini ama ndio wanafunga mizigo. Wanaanza kuingia mwisho wa mwezi wa nane, mwezi wa kumi na moja wameshajaa, wanashinda hapa mpaka Machi, na kufikia Mei mapema wengi wameondoka. Wanaobaki Julai ni wenyeji na wachache ambao hawakuwa na nguvu ya kurudi.

Pili, Loiyangalani ni upande wa mashariki tena kusini, kule ukingo ni mawe ya volkano yanaingia kwenye maji ghafla. Mahali kama hapo mnandi na korongo wanapata samaki, lakini yule ndege anayekula kwenye tope hana lake. Ungevuka ukaenda upande wa magharibi, Kalokol, Ghuba ya Ferguson, ama ukashuka kule mito ya Turkwel na Kerio inapoingilia ziwani, ungeona kitu kingine kabisa.

Sasa kuhusu chakula. Watu wakisikia Ziwa Turkana wanafikiria ukubwa, urefu wa kilomita 250 na zaidi, kina mahali pengine kinapita mita 100, ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya jangwani duniani yasiyokauka. Lakini kitwitwi mdogo, Calidris minuta, uzito wake ni gramu 25 hivi na miguu yake haifiki urefu wa kidole chako. Hizo mita 100 za kina hazimhusu. Yeye maisha yake yote hapo yako kwenye ule mkanda wa tope na maji ya kulowesha kucha tu. Ukilala kifudifudi na darubini utamwona anavyofanya kazi: anakimbia hatua tatu nne, anadonoa, donoa, donoa, anakimbia tena, na kila akidonoa ametoa kitu, kama si funza wa yale mainzi ya ziwani basi ni mdudu mwingine ambaye wewe bila lenzi humwoni. Wimbi likirudi linaacha mstari wa povu la kijani na takataka, pale kwenye mstari ndio meza yenyewe. Ule upepo uliokukera ndio unaosukuma hivyo vitu mpaka ukingoni, kutwa kucha.

Na kuna jambo moja ambalo mimi naona ndio siri ya ziwa lote. Maji yake karibu yote, wanasema asilimia 80 mpaka 90, yanatoka mto Omo kule Ethiopia. Mvua za nyanda za juu zinanyesha katikati ya mwaka, Omo unafurika, ziwa linapanda, kiasili kama mita moja hivi, linafika juu kabisa karibu Oktoba–Novemba. Baada ya hapo linaanza kushuka, manake halina mto wa kutoa maji nje, yanaondoka kwa kukauka tu, na jua la pale linakausha zaidi ya mita mbili kwa mwaka. Sasa piga hesabu: ufukwe wa magharibi ni tambarare, chukulia unainuka mita moja kila baada ya mita 200. Ziwa likishuka mita moja limekuachia mkanda wa mita 200 wa tope ambalo jana lilikuwa chini ya maji, limejaa wadudu, na hawa wageni wanafika wakati huohuo. Kila siku meza inasogezwa mbele kidogo. Naivasha hakuna mpangilio huo, kule ukingo umejaa mafunjo na magugu, kitwitwi hawezi hata kutembea.

Ndio maana vitwitwi peke yao walishakadiriwa kuzidi 100,000 msimu mmoja. Hao wanazaliwa kwenye tundra, kutoka kaskazini ya Norway mpaka Siberia, na kifaranga wa mwaka huohuo anakuja bila mzazi kumshika mkono.

---

mkazi_wa_Arusha

Aisee mkuu umeeleza vizuri sana. Mimi nipo upande wa Tanzania, naomba kuuliza kuhusu heroe (flamingo), maana huku kwetu tunajua Natron ndiyo nyumbani kwao. Je Turkana nao wapo? Na yale maji ya kule si ya magadi pia?

---

kitwitwi_254

@mkazi_wa_Arusha wapo mkuu, ila wanakuja na kuondoka. Kuangulia, heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote wanategemea Natron yenu, huku wanakuja kula tu. Maji ya Turkana yana magadi ndiyo, ila si makali kama Natron au Bogoria, chumvi yake ni gramu 2.5 hivi kwa lita wakati bahari ni 35. Ng'ombe wanakunywa, hata watu wanakunywa wakikosa mengine, ingawa yana floridi nyingi, utaona meno ya watu wengi kule yamekuwa ya kahawia. Kwa hivyo ziwa lenyewe si tamu wala si magadi ya kuunguza, na ndiyo sababu utakuta mla samaki, mla wadudu na mla mwani wote mahali pamoja. Maziwa ya magadi makali samaki ni shida, na yale matamu heroe hana kazi nayo.

Ukitaka heroe kwa uhakika zaidi nenda Kisiwa cha Kati, Central Island. Ni volkano iliyotoka majini, ndani yake kuna maziwa matatu ya kreta, moja wanaliita Ziwa la Flamingo, la pili la Mamba na la tatu la Tilapia, na hayo majina hayadanganyi hasa lile la mamba. Na korongo Goliath, yule anayekufika kifuani, anazalia hapohapo kisiwani.

---

mwana_wa_kalokol

Mimi nimezaliwa huku kwa hivyo niongeze ya macho, vitabu muachie kitwitwi.

Kwanza msisahau wenyeji. Nyinyi mnaongea wageni wa Ulaya lakini kuna ndege mmoja wa hapa, kwa Kiingereza wanamwita African Skimmer, ukimwona jioni utasahau hao wote. Mdomo mwekundu kama umepakwa rangi, na sehemu ya chini ya mdomo ni ndefu kuliko ya juu, ukimwangalia mara ya kwanza utasema huyu amevunjika. Mchana kutwa wamelala mchangani kundi zima wameelekea upepo. Jua likishashuka na maji yakatulia wanaanza, anaruka chini chini kabisa na ule mdomo wa chini umezama, anachora maji mstari mrefu, akigusa samaki mdomo unajifunga wenyewe, tap. Anaweza kurudi kwenye mstari uleule mara ya pili kwa sababu samaki wadogo wanakuja kuangalia kuna nini. Hata giza likiingia anaendelea, hahitaji kuona, anahitaji kugusa.

Huyu anataga kwenye mchanga mtupu, hana kiota, hana majani, anakwaruza kishimo kidogo mayai mawili matatu basi. Mchanga wa huku saa saba mchana huwezi kukanyaga bila viatu. Mama anaenda kulowesha manyoya ya tumbo kwa ziwa anarudi kulalia mayai na tumbo likiwa limelowa, ayapoze. Huku kulalia mayai maana yake ni kuyakinga na jua. Sasa fikiria umekuja na pikipiki ama gari ya four wheel unapita hapohapo kwa sababu mchanga wa kando ya maji ni mgumu, mama anaruka, anakaa juu hewani anakupigia kelele, wewe unapiga picha dakika kumi. Hizo dakika kumi mayai yameiva. Nimeona hiyo, na mwenye gari aliondoka akifurahi amepata picha nzuri.

Na mayai huyaoni, yana madoa rangi ya changarawe. Mbuzi wetu pia wanakanyaga, sitawasingizia wageni peke yao. Ila mifugo pia inasaidia kwa njia yake, majani yanabaki mafupi na mavi yanaleta nzi, wale ndege wadogo wa manjano wanaotikisa mkia wanafuata ng'ombe siku nzima.

Shida nyingine ni nyavu. Zile za uzi mmoja wa plastiki zinakatika zinaachwa majini, mnandi anazama kufuata samaki hatoki tena. Mwari naye ananasa bawa.

---

maji_ya_omo

Samahani naingilia, lakini nashangaa mnaongea habari ya ziwa kupanda na kushuka kama vile bado ni miaka ya tisini. Kuna lile bwawa la Gibe III kule Ethiopia, ukuta wa mita 243, lilizinduliwa Desemba 2016, na chini yake kuna mashamba makubwa ya miwa ya Kuraz yanayonywa maji hayohayo ya Omo. Ndiyo sababu UNESCO mwaka 2018 waliingiza hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Zilikuwa kwenye urithi tangu 1997, hifadhi ya Sibiloi upande wa mashariki na Kisiwa cha Kati, na Kisiwa cha Kusini kikaongezwa 2001. Mpangilio mzuri wa meza kusogezwa mbele kila siku umeshaguswa ndugu.

---

ngamia_wa_lodwar

Hii ya bwawa mimi nimeichoka. Mlituambia ziwa litakauka tutakula mchanga. Kuanzia 2019, 2020 hivi maji yamepanda mpaka yamemeza nyumba za watu, minazi ya mwituni imesimama ndani ya maji, mamba wanaingia bomani. Maziwa yote ya Bonde la Ufa yamefurika. Sasa likauke wapi? Ndege si wanapenda maji, si ndio wamefurahi?

---

kitwitwi_254

@ngamia_wa_lodwar maji kupanda ni kweli, mvua zilikuwa kubwa na hakuna anayebisha. Lakini kwa ndege wa tope maji mengi si lazima yawe mema. Ziwa likipanda mita kadhaa linaacha ule ufukwe mtupu linaingia kwenye migunga na mathenge (ile miti ya miiba), ukingo unakuwa vichaka vilivyozama. Kitwitwi hakai kwenye vichaka, anataka aone mwewe akiwa mbali. Yule mdomo-mwekundu wa mwana_wa_kalokol naye anapoteza visiwa vya mchanga, akitaga penye mwinuko mdogo wimbi moja linabeba yote. Wanaofaidi ni wala samaki, kwa muda, kwa sababu perege wanazaliana sana kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Mwari, mnandi, furukombe, hao wakati huu wako sawa.

Na bwawa, mimi sikubaliani sana na wanaoliongelea kama swali la kujaa au kukauka peke yake. Bwawa la umeme linataka maji yatoke kiasi kilekile mwaka mzima ili mitambo izunguke. Kwa hivyo hata kama jumla ya maji kwa mwaka ingebaki ileile, yale mafuriko ya ghafla yanapungua, na mafuriko ndiyo yanaleta udongo na rutuba, ndiyo yanapandisha ziwa halafu linashuka. Ziwa lililokaa kimo kimoja mwaka mzima ukingo wake unaota majani na mathenge inatia mizizi, kila mtu anasema ziwa liko vizuri kwa sababu kipimo hakijashuka, na tope limekwisha. Mashamba ya miwa ni jambo la pili, hayo yanachukua maji moja kwa moja hayarudi. Mvua nyingi ya miaka hii inafunika hesabu hiyo, ikipita tutaiona.

---

mwana_wa_kalokol

Ni kweli hiyo ya kushuka nayo si mchezo. Wazee watakuambia Ghuba ya Ferguson ilikauka mwishoni mwa miaka ya 1980, na kulikuwa na kiwanda cha samaki kilichojengwa hapa Kalokol kwa msaada wa Norway, kikabaki kimekaa tu. Ghuba ni kina kifupi, ziwa likishuka kidogo tu imeondoka. Na hiyo ghuba ndiyo chakula cha watu na cha ndege. Perege wanazaliana hapo, wageni wanakaa hapo kwa sababu imekingwa na upepo.

---

mpita_njia_kaskazini

Asanteni sana, hii imenifungua macho, sasa najua kwa nini niliona mawe tu. Swali la nyongeza, ile mitambo ya upepo niliyopita kabla ya kufika Loiyangalani, mingi ajabu, haiui hawa ndege? Wanapita usiku na hawaoni. Na mimi bado nataka kujua nipange mwezi gani.

---

maji_ya_omo

Ile mitambo ni 365, megawati 310. Wanaoogopewa zaidi kwa mitambo kama hiyo ni ndege wakubwa wanaoelea kwa hewa ya moto, tai, tumbusi, korongo weupe, kwa sababu wanatumia miinuko ileile ambayo upepo ni mzuri. Vitwitwi wakiwa safarini wanaruka juu sana, hatari kwao ni wakati wa kushuka na kupaa. Na usiangalie mapanga peke yake, angalia na nyaya. Ule umeme unasafirishwa zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa, na popote duniani ndege mzito kama heroe au mwari akiruka usiku waya haoni. Kwangu mimi waya unanitisha kuliko panga.

---

bi_furukombe

Niongeze moja inayonikera. Kenya ina maeneo sita ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo, Elmenteita na delta ya Tana. Turkana haimo. Ziwa kubwa kuliko hayo mengine yote yakiunganishwa, na halimo. Najua liko kwenye urithi wa dunia, lakini ule urithi ni Sibiloi na visiwa viwili. Kalokol na mdomo wa Kerio na Turkwel, yaani hapohapo mnaposema ndege wamejaa, ziko nje. Hakuna geti, hakuna askari wa wanyama, ndege anategemea huruma ya mvuvi na mchungaji. Pia wale wanaohesabu ndege wa majini kila Januari wanamaliza Nakuru na Naivasha kwa urahisi, Turkana ufukwe ni mrefu mno, watu na mafuta hayatoshi. Kwa hivyo mtu yeyote anayeenda na anajua ndege, andika ulichoona na mahali ulipokiona, peleka Kenya Bird Map, mradi unaokusanya kumbukumbu za ndege. Hata orodha ya aina kumi kutoka kule ni mali, kutoka Naivasha wanazo za kutosha.

Kuhusu mwezi, @mpita_njia_kaskazini, mimi nakushauri Februari mwisho mpaka Aprili mwanzo. Wengi watakuambia Desemba kwa sababu ya likizo, na Desemba wapo wengi, lakini wako kijivu, ukiwa mgeni wote watafanana utachoka. Machi wanaanza kuvaa nguo za kurudi kwao, kitwitwi anapata wekundu shingoni na mgongoni, na wanakula kama hawana akili kwa sababu lazima wanenepe kabla ya kuvuka jangwa. Joto litakuwa baya, hilo vumilia.

---

mwana_wa_kalokol

Machi sawa, ila angalia mvua, lugga (mito mikavu) zikijaa hapa Lodwar–Kalokol utalala barabarani. Kama unataka kisiwani, panga boti siku moja kabla na usilazimishe nahodha. Upepo unapiga usiku mpaka asubuhi, mawimbi ya hili ziwa si ya kuchezea, akisema leo hapana ni hapana. Kisiwa ni hifadhi, malipo ya KWS (shirika la wanyamapori) fanya mapema kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, ukiwa bado na mtandao. Kwa ghuba yenyewe huhitaji boti, tembea kwa miguu asubuhi saa kumi na mbili, ila jua litakuwa usoni kwako, utakuwa unaangalia mashariki, kwa hivyo asubuhi ni ya kusikiliza na jioni ndio ya picha. Ukifika pitia ofisi ya BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, useme umekuja kuangalia ndege, watakupa kijana wa kukuonyesha wapi pa kukanyaga na wapi mamba amezoea kutokea. Mlipe vizuri. Na gari iache juu kwenye mikoma, ile minazi ya mwituni.